Stima Kidogo, Kidogo Kipi?

Aghalabu mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi huishia kwenye orodha za istilahi. Kongamano huitishwa, maneno hupendekezwa, makofi hupigwa, kisha wanafunzi wa fizikia hurejea darasani kusoma kwa Kiingereza. Ilhali istilahi zenyewe si haba: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mnamo 1990. Upungufu uko kwingine. Ni nadra kumpata mtaalamu wa Kiswahili akizitumia istilahi hizo kukokotoa chochote.

Tuchukue birika la umeme. Nyumba nyingi nchini Kenya hupata umeme wa volti 240. Birika likivuta mkondo wa ampea 10, ukinzani wake hupatikana kwa kugawanya volteji kwa mkondo: 240 kwa 10, yaani omu 24. Kanuni hii ilichapishwa na Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827. Nguvu hupatikana kwa kuzidisha: 240 mara 10, yaani wati 2,400. "Mkondo" mwanafunzi anaujua kutokana na mto. "Ukinzani" ameukuta katika uchambuzi wa mashairi, na hakuna atakayedhani kwamba birika lina mawazo yanayopingana.

Utata hasa umo katika lugha ya kila siku. Jioni taa zinapofifia, husemwa kwamba "stima ni kidogo." Kidogo kipi? Volteji ikishuka hadi 200, na ukinzani wa birika ubaki omu 24, mkondo utakuwa takriban ampea 8.3 na nguvu takriban wati 1,667. Volteji imepungua kwa sudusi moja tu, lakini nguvu imepungua kwa karibu asilimia 31, na chai imechelewa. Neno "stima" limezimeza dhana zote tatu. Neno "nguvu" nalo lahitaji kutengwa na "kani," na vilevile na "nishati," ambayo Wakenya huiita kawi. Birika hilo likiwaka kwa nusu saa katika volti 240 hutumia kilowati-saa 1.2, na hizo ndizo yuniti anazolipia mwenye nyumba.

Wapo watakaodai kwamba haya ni ya wahandisi. Dai hilo halina mashiko. Fyuzi ya plagi zinazotumika Kenya kwa kawaida haizidi ampea 13. Mtu akichomeka birika hilo na pasi ya wati 1,200 kwenye kebo moja yenye matundu mengi, pasi itaongeza ampea 5 na jumla iwe 15. Pale ambapo fyuzi imeondolewa na kipande cha waya kutiwa mahali pake, hakuna cha kuukata mkondo huo kebo inapoanza kuyeyuka. Maonyo ya hatari hiyo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, nyuma ya kifaa, kwa herufi ndogo.

Wanafunzi wa tafsiri wangeweza kuanzia hapo. Ukurasa mmoja wa maagizo ya birika, pamoja na hesabu zake, ungekuwa zoezi gumu kuliko mengi wanayopewa. Na kabla ya mhadhiri kulisahihisha, lingesomwa kwanza na fundi wa stima.