Korongo wa Toyooka na Jembe la Mkulima



Mara nyingi katika midahalo yetu nasikia watu wakisema kwamba nchi haiwezi kuhifadhiwa mpaka watu waondolewe, uzio utiwe, na askari awekwe mlangoni. Wengine huongeza kwamba hiyo ni kazi ya Serikali, na kazi ya mwanafunzi ni kitabu tu. Mimi sikubaliani na maneno hayo mawili, na sababu zangu nitazieleza kwa mfano wa mahali pamoja katika nchi ya Japani.

Mahali penyewe ni Toyooka, mji wenye vijiji na mashamba mengi, pale mto Maruyama unapoingia katika Bahari ya Japani. Toyooka imo katika jiopaki ya San'in Kaigan. Jiopaki ni eneo lenye milima na mawe yanayoeleza habari za kale za dunia. Lakini si mbuga iliyofungwa. Watu hukaa humo, hulima, huvua samaki, na watoto wao husoma humo. San'in Kaigan imeenea pwani kiasi cha kilometa 120, kutoka Kyotango mpaka Tottori. Ilikubaliwa katika umoja wa jiopaki za dunia mwaka 2010, na mwaka 2015 jiopaki hizo zikawekwa chini ya UNESCO.

Nianze na jiwe. Kando ya mto Maruyama liko pango la Genbudo, ambalo kuta zake ni nguzo za mawe, nyingi zenye pembe tano au sita, kama sega la nyuki. Mawe hayo yalitoka katika volkano yapata miaka milioni 1.6 iliyopita, yakapoa na kupasuka namna hiyo. Mwaka 1926 mtaalamu Matuyama Motonori alipima sumaku iliyomo ndani yake, akaona kwamba imeelekea kinyume cha dira ya leo. Mwaka 1929 akatangaza kwamba zamani sumaku ya dunia ilikuwa imegeuka. Jambo hilo kubwa sasa hufundishwa duniani kote. Lakini wenyeji hawakulifanya jiwe kuwa kitu cha kutazamwa tu. Tetemeko la mwaka 1925 lilipoangusha mawe ya pango na kuuharibu mji jirani wa Kinosaki, mawe yaliyoanguka yalichukuliwa kujengea kingo za mto wa mji ule. Jiwe la elimu likawa pia jiwe la ujenzi, na hakuna aliyepata hasara.

Sasa nije kwa ndege. Korongo wa huko, aitwaye kounotori, ni mweupe mwenye manyoya meusi ya mbawa. Akizikunjua zafikia mita 2. Hana sauti ya kulia. Akitaka kusema hugonganisha mdomo wake, kwa-kwa-kwa. Zamani alionekana sehemu nyingi za Japani. Kwanza watu walimwinda. Wakati wa Vita Kuu ya Pili misonobari mirefu aliyojengea viota ikakatwa. Baada ya vita vinamasi vikakaushwa, mito ikanyooshwa, na mashamba ya mpunga yakanyunyiziwa dawa za kuua wadudu, nyingine zenye zebaki. Samaki na vyura wakafa, na yeye aliyewala akadhurika. Mwaka 1971 korongo wa mwisho wa porini katika Japani akafa huko huko Toyooka.

Tusiwahukumu wakulima wale upesi. Nchi ilikuwa imetoka vitani, watu walitaka chakula, na dawa iliwapunguzia kuinama matopeni mchana kutwa. Nani kati yetu angekataa?

Hata kabla ya mwaka ule wenyeji walikwisha kukamata korongo wachache, tangu 1965, wakawaweka kizimbani ili wazae. Kwa zaidi ya miaka 20 hawakupata kifaranga hata kimoja. Mwaka 1985 wakaletewa korongo wachanga 6 kutoka Khabarovsk, katika Urusi ya siku zile, na mwaka 1989 vifaranga wa kwanza wakaanguliwa. Kizimba kilifanya kazi yake, sikatai. Lakini ndege wa kizimbani hula anacholetewa. Korongo mmoja huhitaji kiasi cha nusu kilo ya samaki, vyura na wadudu kila siku. Ukimfungulia aende kwenye shamba lenye sumu, umemwua kwa mkono wako mwenyewe. Basi hapo ndipo lilipohitajika jembe la mkulima.

Sikilizeni jinsi mwaka wao unavyokwenda sasa kwa wakulima waliokubali kilimo hicho kipya. Baada ya mavuno, badala ya kuyaacha majaruba makavu, huyajaza maji wakati wa baridi. Huo ndio wakati ambapo theluji huanguka, na wavuvi wa pwani hiyo huenda kutafuta kaa tangu Novemba. Mvua na theluji ni nyingi mno, hata watu wa upande huo wana msemo kwamba ukisahau chakula chako si neno, usisahau mwavuli. Katika maji yale ya baridi wadudu na minyoo huongezeka. Masika yafikapo vyura hutaga, na korongo huatamia juu ya nguzo ndefu walizosimamishiwa na watu, kwa kuwa misonobari ya zamani haipo. Mbegu za mpunga huoshwa kwa maji ya moto ili kuua magonjwa, badala ya kutiwa dawa kali. Mifereji hutengenezewa vidaraja vya maji ili samaki wapande mpaka jarubani.

Kiangazi ndicho kinachonipendeza zaidi. Desturi ya wakulima wa mpunga ni kuyakausha majaruba kwa siku chache katikati ya kiangazi, ili mizizi ipate nguvu. Lakini maji yakiondolewa mapema, viluwiluwi hufa wote. Basi wakulima hawa huchungulia kwanza majini. Wakiona viluwiluwi wamekwisha ota miguu na kuwa vyura, ndipo wanapofungua maji. Hebu fikirini: mtu mzima, mwenye deni na watoto wa kulisha, anamngoja chura! Sheria haiwezi kusimama katika kila jaruba na kumlazimisha mtu kungoja hivyo. Lazima akubali yeye mwenyewe.

Nao walijaribiwa. Tarehe 20 Oktoba 2004 tufani kali ilipiga, mto Maruyama ukavunja kingo zake, na mji ukazama majini. Ingekuwa rahisi kusema, "Ndege wangoje, sisi kwanza." Lakini mwezi wa Septemba 2005, kabla mwaka haujatimia, korongo 5 wakafunguliwa. Mto ulipopanuliwa ili usifurike tena, sehemu zake ziliachwa ziwe vinamasi vya ndege. Mwaka 2007 kifaranga aliyezaliwa porini akaruka. Leo korongo wa porini katika Japani wamepita 300. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Na wanafunzi je? Watoto wa shule za huko huingia majarubani na nyavu ndogo, wakahesabu vyura, samaki na kereng'ende, na kuandika walichokiona. Tena wanafunzi wa shule ya msingi walimwendea meya wao na kumwomba kwamba mchele wa mashamba ya korongo upikwe katika chakula cha shule. Walikwisha kuelewa jambo ambalo wazee wengi hawalielewi: mkulima akikosa mnunuzi, korongo atakosa chura. Mchele ule huuzwa kwa bei kubwa kidogo, nayo ni haki, kwa sababu magugu ni mengi na kazi ni nzito.

Najua mtasema, "Japani ni tajiri, sisi maskini." Neno hilo lina ukweli, lakini si wote. Maji ya moto, nguzo, nyavu za watoto, na subira ya kumngoja chura, si vitu vya matajiri peke yao. Tena utajiri haukuwaponya na kila shida: vijiji vya Japani vinapungukiwa vijana, na mashamba mengi yamebaki kwa wazee. Hatari kubwa ya korongo sasa si bunduki, ni jembe kukosa mkono wa kulishika.

Afrika Mashariki nayo ina jiopaki. Ngorongoro-Lengai, katika Tanzania, ilikubaliwa mwaka 2018, ya kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara. Humo wamo Wamasai na ng'ombe wao, na suala la nani akae limeleta ubishi mkubwa, hasa tangu mwaka 2022 watu walipoanza kuhamishiwa Msomera, Serikali ikisema ni kwa hiari na wengine wakilalamika. Sisemi kwamba Toyooka inatoa jibu la Ngorongoro. Ng'ombe si mpunga, na simba si korongo. Nasema tu kwamba kabla ya kumwondoa mtu, yafaa kuuliza kwanza ni kazi gani anayoweza kuifanya pale alipo.

Wanafunzi wenzangu, somo la jiografia tunalisoma kwa ramani na mitihani. Ni vema. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua vyura hutaga mwezi gani katika kinamasi cha nyumbani kwao, au ni nani anayekikausha na kwa nini? Ombi langu kwenu ni dogo. Likizo ijayo, kila mmoja aende na daftari kwenye maji yaliyo karibu na kwao, aandike alichokiona, kisha amwulize mwenye shamba shida zake kabla ya kumpa mafundisho. Nanyi ndugu zetu wa zamani, ambao sasa mna mshahara, mnunueni mkulima anayelima kwa uangalifu, hata bei yake ikizidi senti kidogo. Msipomnunua ninyi, hotuba zetu hazitamsaidia, wala ndege hatazisikia.