Miadi ya Wiki ya Saba

Wenzangu wa dakhalia, kuna ugonjwa tunaupa majina yote isipokuwa lake. Gesi. Vidonda vya tumbo. Kwa sisi wanawake, chango. Mara mbili nilijitibu chango: maumivu yalianzia kitovuni, yakateremkia kulia chini, nikameza antibayotiki za dukani, yakaondoka. Nikajiona daktari.

Mara ya tatu nilifikishwa hospitali siku ya tano. Kumbe ni kidole tumbo, na kimeshafanya uvimbe. Nilidhani nitapasuliwa usiku ule ule. Wapi! Daktari alinieleza kwamba matumbo yamegandana kukizunguka, na ukikata wakati huo unaweza kutoboa utumbo ambao hauna kosa. Kwanza dawa za mshipa, uvimbe utulie, kisha nirudi baada ya wiki sita hadi nane kitolewe. Akaniandikia wiki ya saba.

Mpango huu ni wa zamani. Frederick Treves wa London alimpasua mwaka 1887 mgonjwa aliyekuwa akirudiwa na maumivu, baada ya kungoja yatulie. Mwaka 1902 mgonjwa wake alikuwa Mfalme Edward wa Saba, zimebaki siku mbili atawazwe. Treves alitoa usaha tu, kidole tumbo akakiacha. Sherehe ikasogezwa kutoka Juni 26 hadi Agosti 9.

Mfalme alisogeza taji. Mimi nilishindwa kusogeza mazoezi ya kufundisha.

Wiki ya saba nilikuwa Makunduchi, chaki mkononi, tumbo kimya. Nani apoteze siku ya kukaguliwa? Baada ya siku chache likarudi. Safari hii kidole tumbo kilikuwa kimenasa kwenye makovu, wakalazimika kurefusha mkato ili wakipate. Nilikosa mazoezi yote.

Najua wapo madaktari wanaosema uvimbe ukitulia si lazima kila mtu apasuliwe, angojwe mpaka urudi. Sawa, lakini hilo aliamue daktari aliyekupima, si ratiba ya mazoezi. Fomu yetu inauliza skuli, masomo, hata nauli. Haina pa kuandika miadi ya hospitali, wala anayepanga vituo haulizi. Mstari mmoja tu, jamani!

Nitalipeleka kwenye kikao kijacho cha serikali ya wanafunzi. Mwenye miadi iliyogongana na mazoezi aje na kadi yake.