TAHARIRI: Kocha alipwe kwa wakati

Milutin Sredojević, Mserbia tunayemwita Micho, alizijua njia za Afrika Mashariki kuliko wengi wanaohubiri utangamano. Alifundisha SC Villa hapa Kampala, akaenda Yanga ya Dar es Salaam mwaka 2007, akainoa Rwanda, na mwaka 2013 akakabidhiwa Cranes. Septemba 4, 2016, pale Namboole, bao la Farouk Miya dhidi ya Comoro liliirudisha Uganda AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1978.

Julai 2017 akaondoka, akidai malimbikizo ya mishahara.

Mfanyabiashara wa Kikuubo anayechukua mali kauli Kariakoo analielewa hili bila kufundishwa: usipolipa mzigo wa kwanza, wa pili hupewi. Micho alikubali kurudi mwaka 2021. Tajiri wa Kariakoo asingekubali. Sasa Uganda, Kenya na Tanzania zimepewa kuandaa AFCON 2027 kwa pamoja. Kwa hiyo tunaitaka FUFA na Serikali zitenge fedha za kocha kabla ya kusaini mkataba, wala zisingoje magazeti yaandike.