SALAMU HAINA KADI

Siasa ni jambo kubwa, na wakubwa wana majukwaa na redio za kuisemea. Sisi leo twataka kusema mambo madogo: salamu, kahawa, duka la pembeni na jeneza. Twayasema kwa sababu tunayaona kila siku hapa Mpendae, na kwa sababu mambo madogo kama haya yaliwahi kuitia nchi hii moto.

Baada ya sala ya alasiri watu hukaa barazani. Hupita muuza kahawa na dele lake, akigonganisha vikombe. Kashata zikaliwa, dhumna ikapigwa, na khabari zikasomwa katika simu badala ya gazeti. Bei ya mchele, maji yaliyotoka usiku wa manane, umeme uliokatika, Simba na Yanga: yote huzungumzwa bila ya mtu kuulizwa yeye ni wa wapi. Likitajwa jina la chama, hapo mmoja hunyanyuka, mwingine akahamia baraza ya pili.

Siku hizi tumeona zaidi ya hayo. Tumeona mtu akiliruka duka lililo mlangoni pake, akaenda kununua sukari mtaa mwengine. Tumeona salamu ikitolewa isijibiwe. Na tumesikia, tena kutoka kwa watu wa Chama chetu wenyewe, mtu akiuliza kabla ya kwenda mazikoni: "Marehemu alikuwa wetu?"

Ndugu wanachama, swali hilo si geni, na mwisho wake twaujua. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957, nchi iliingia katika wakati ambao wazee wetu wanauita zama za siasa. Wako wenye mashamba waliowafukuza wakulima kwa ajili ya chama. Wakulima nao wakagomea maduka. Watu wakachaguana katika mabasi, misikitini na mazikoni. Januari 1961 Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 9 na ZPPP 3, na kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura 1 tu. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo, fujo zikazuka, na watu 68 wakafa. Halikuja jeshi la kigeni kuwaua. Waliuawa na watu wa nchi hii. Panga lile halikunolewa siku ile. Lilianza kunolewa siku jirani alipoacha kumwitikia jirani yake.

Na tutazame hesabu. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi, mshindi wa urais wa Zanzibar alitangazwa kwa asilimia 50.2, na mwenzake akapewa 49.8. Wakubwa waligombana juu ya hesabu hiyo, na walikuwa na haki ya kugombana. Lakini kwetu mitaani ina maana nyengine: kwa nchi nzima, karibu kila kura ya pili si yako. Anayesusia wasio wa chama chake amesusia nusu ya nchi; nusu ya wakunga, nusu ya walimu wa skuli, nusu ya watakaomchimbia kaburi.

Wako watakaotuambia: "Wao ndio walioanza." Huenda ni kweli. Basi na sisi tuwe wa kwanza kuacha, kwani deni la salamu halilipwi kwa kununa.

Wako watakaosema kuwa huu ni ulegevu, na kwamba salamu haifuti dhulma. Hilo la pili twalikubali moja kwa moja. Salamu haifuti dhulma. Aliyedhulumiwa ana haki ya kudai, na Chama kipo ili kudai pamoja naye. Lakini adai kwa aliyemdhulumu, si kwa muuza sukari. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana wakazungumza, na hapana aliyechana kadi yake. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Uchaguzi wa mwaka huo nao ulikuwa wa karibu mno, 50.1 kwa 49.1, lakini watu walilala majumbani mwao salama. Ikiwa wakubwa waliweza kupeana mikono, sisi wa barazani tuna udhuru gani?

Tena tuseme la kazi yetu. Sisi tunaopita nyumba kwa nyumba twajua kuwa mtu uliyesusia maziko ya mama yake hatakufungulia mlango wakati wa kura. Fimbo ya mbali haiui nyoka: kiongozi uliyembandika ukutani hatakuja usiku kukuchukulia mgonjwa wako.

Basi twawaomba wanachama wa kila tawi: bishaneni kwa hoja juu ya kura, ardhi, ajira na Muungano, wala msirudi nyuma. Lakini anayekusalimu mwitikie. Nunua duka la karibu. Na likipita jeneza, inuka ulishike bega moja, wala usiulize ni la nani.