Jembe, nyumba na jina linalokatwa

Tangu vyama vingi virejeshwe Julai 1992, ardhi ambayo leo ni Wilaya ya Chamwino haijampeleka bungeni mbunge wa jimbo hata mmoja asiyekuwa wa CCM. Mtera ilikuwa ya John Malecela, kisha ya Livingstone Lusinde. Chilonwa ilikuwa ya Hezekiah Chibulunje, akafuata Joel Mwaka, kisha Deogratius Ndejembi. Mwaka 2025 hata majina ya majimbo yalibadilishwa, Chilonwa ikaitwa Chamwino na Mtera ikaitwa Mvumi. Chama kilibaki kilekile. Mchambuzi aliyekaa Dar es Salaam na jedwali la matokeo huhitimisha haraka kwamba hii ni ngome, na siasa zake zimelala.

Naona anatazama sanduku lisilo lake. Chamwino watu wanashindana vikali, wanaangushana, na wakubwa wanaanguka. Ila mpambano hautokei siku ya uchaguzi mkuu, nao hauwahusu wapiga kura wote. Hapo ndipo siasa za uwanda huu wa kati zilipobadilika katika miaka sitini iliyopita, na badiliko hilo halionekani ukihesabu viti vya vyama.

Turudi 1965. Katiba ya muda ya mwaka ule iliifanya Tanzania kuwa nchi ya chama kimoja, kwa upande wa Bara TANU, lakini waliotunga utaratibu waliona hatari yake. Chama kilipokuwa kimepata viti 70 kati ya 71 mwaka 1960, vingi bila mpinzani, wananchi wengi hawakuwa na haja hata ya kwenda kupiga kura. Dawa iliyopatikana ni wagombea wawili wa chama kilekile. Mkutano wa wilaya ulipendekeza, Halmashauri Kuu ikateua wawili, na karatasi ya kura ikamwekea mmoja alama ya jembe na mwenzake nyumba. Walizungushwa pamoja kwenye mikutano iliyoandaliwa na chama, hawakuruhusiwa kutumia fedha zao, wala kujisifu kwamba Mwalimu Nyerere anamtaka huyu na si yule. Kisha mwananchi akaamua. Paul Bomani, waziri wa fedha, mtu mzito wa vyama vya ushirika Usukumani, aliangushwa mwaka uleule wa kwanza.

Nisieleweke kwamba nausifu mfumo ule. Jembe na nyumba viliweza kubishana nani atafuatilia kisima, nani hajulikani nyumbani. Havikuweza kubishania sera. Mwaka 1970 ilipoanza Operesheni Dodoma, Wagogo waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila kaya na tembe yake, mifugo yake na shamba lake la uwele, walihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa. Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino, akafyatua matofali na wanakijiji, na mapenzi ya wazee wengi kwake hayana unafiki. Lakini hakuna mgombea aliyeweza kusimama Buigiri au Msanga akasema: nichagueni, nitaipinga operesheni. Jambo kubwa kuliko yote lililoupata Ugogo tangu njaa ya Mtunya ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza halikupitia kwenye kura ya mtu yeyote.

Operesheni ile iliacha kitu kingine, ambacho naona kinaeleza ngome hii vizuri zaidi kuliko umaskini unaotajwa kila uchaguzi. Kijiji chenyewe kilizaliwa mikononi mwa chama. Balozi wa nyumba kumi, shina, tawi, mwenyekiti wa kijiji: kwa miaka ishirini ngazi hizo zilikuwa chama na serikali kwa wakati mmoja. Utemi ulikuwa umeshafutwa mwaka 1963, na Mvumi ya Mtemi Mazengo haikuwa tena na kiti cha kushindana na kile cha tawi. Hapakuwa na chama kikuu cha ushirika cha kahawa kama Kilimanjaro, wala mgodi, wala mji wa wafanyakazi. Vyama vipya vilipofika miaka ya 1990 havikukuta mahali pa kusimama ambapo CCM, mrithi wa TANU, haikuwa imeshaweka mguu. Na tuwe wakweli, havikuhangaika sana kufika. Dodoma kwao ilikuwa Bunge na mkutano mmoja mjini. Idifu na Mpwayungu zilisubiri.

Hata hivyo maelezo hayo yana tundu, na tundu lenyewe liko jirani. Singida ni nchi ileile ya ukame, vijiji vilevile vya kupangwa, balozi yuleyule. Lakini jimbo la Singida Mashariki lilimchagua Tundu Lissu wa Chadema mwaka 2010, likamrudisha 2015. Kama mazingira ndiyo yanayoamua, yale yalipaswa kutoa matokeo ya Mtera. Tofauti ilikuwa mtu: mwanasheria, mtoto wa pale, aliyesikika. Wapiga kura wa uwanda huu, kwa jinsi ninavyowasoma, huanza na mtu ndipo wafike kwenye chama. Na ikiwa ndivyo, mfumo unaowapa mtu mmoja tu wa kumfikiria kwa dhati umewanyima kile wanachokijua zaidi.

Mwaka 1992 ulifanya hivyo bila kukusudia. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee, ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na nadhani ilikuwa sahihi. Lakini vyama vingi vilipoingia, kanuni ya wagombea wawili iliondoka. Kila chama kikawa na jina moja. Moshi au Bukoba mjini hilo lilimaanisha uchaguzi mpana zaidi. Huku kwetu lilimaanisha mwembamba zaidi, kwa sababu majina mengine kwenye karatasi hayakuwa na matumaini. Ushindani wa kweli ukahamia kwenye kura za maoni za CCM, na kwa muda mrefu wapiga kura wake walikuwa wajumbe wachache wa mkutano wa jimbo. Wachache hulishwa, hulazwa lojini, husafirishwa kwa basi. Sheria yenyewe iliwahi kuibariki takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mwaka 2000, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006.

Mwaka 2010 CCM ilijaribu kitu kingine. Wanachama wote waliruhusiwa kupiga kura za maoni kwenye matawi yao. Ndipo Malecela, waziri mkuu wa 1990 hadi 1994, makamu mwenyekiti wa zamani wa chama, mtu aliyekaribia urais kuliko Mgogo mwingine yeyote, alipoangushwa Mtera na Lusinde, kijana wa maneno makali. Kibajaji kilimshinda Tingatinga, walisema watu, kwa majina yao ya utani, na utani huo ulibeba uchambuzi mwingi. Halikuwa badiliko dogo. Mji wowote ambao waziri mkuu mstaafu anapoteza kiti kwa kura za majirani zake tungesema una siasa hai. Mtera tunaiita ngome.

Chama hakikuupenda mlango ule mpana. Ilipofika 2020, waliochukua fomu za CCM walipita elfu kumi nchi nzima, lakini waliopiga kura walikuwa tena wajumbe wa mkutano wa jimbo, na vikao vya juu vikakata majina ya washindi wa majimbo kadhaa vikaweka walioshindwa. Vikao hivyo hukaa Dodoma. Palepale Chimwaga ambapo mwaka 1995 Benjamin Mkapa alimpita Jakaya Kikwete katika duru ya pili ya kumpata mgombea urais wa CCM, ilionekana bado chama kinaweza kubishana mbele ya mkutano mkuu. Julai 2015 jina la Edward Lowassa, aliyeomba kugombea urais, lilikatwa kabla mkutano mkuu haujaliona. Akahamia Chadema, akapata karibu asilimia 40 ya kura za urais, kiasi ambacho upinzani haukuwahi kukifikia. Januari 2025 mkutano mkuu ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan akiwa jina pekee, miezi kadhaa kabla ya utaratibu wa kawaida wa kuchukua fomu. Uamuzi umekuwa ukipanda ngazi. Kijiografia umeikaribia Chamwino, hasa tangu Ikulu mpya izinduliwe pale Mei 2023. Kwa mkulima wa zabibu wa Mvumi, umesogea mbali.

Upande wa vyama nao umepungua mpaka pa kushangaza. Bunge la 2015 lilikuwa na wabunge wa upinzani zaidi ya mia moja. Baadaye ukaja msimu wa “kuunga mkono juhudi”, madiwani na wabunge wakivuka kwenda CCM kwa mafungu. Uchaguzi wa 2020 uliipa CCM viti 256 kati ya 264 vya majimbo, majimbo zaidi ya ishirini yakipita bila kupingwa, likiwemo la Kongwa jirani. Kambi rasmi ya upinzani, iliyohitaji asilimia 12.5 ya wabunge, haikuwepo. Sheria ya uchaguzi ya 2024 imeondoa kupita bila kupingwa, mgombea pekee sasa apigiwe ndiyo au hapana, na wazee watakumbuka kwamba ndivyo alivyopigiwa Nyerere. Oktoba 29, 2025 Chadema haikuwemo kwenye karatasi, mwenyekiti wake Lissu akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Rais alitangazwa kupata karibu asilimia 98. Kulikuwa na maandamano, risasi, vifo ambavyo idadi yake bado inabishaniwa, intaneti ilizimwa, na kiapo kikafanyika Dodoma bila umati wa wananchi. Kuichukulia asilimia 98 hiyo kuwa kipimo cha uwiano wa vyama ni sawa na kupima mvua ndani ya nyumba.

Basi kifanyike nini? Wengi wanajibu tume huru, na ni jibu zuri. Katiba mpya, nayo sawa. Mimi ningeanza na kitu kidogo zaidi ambacho kwa Chamwino naona kingebadilisha mengi: mgombea binafsi. Tena wazo hili lina kwao. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi yake ya mwaka 1993 katika Mahakama Kuu hapahapa Dodoma, na Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kwamba raia anaweza kugombea bila kudhaminiwa na chama. Kabla mwaka haujaisha Bunge likabadili Katiba kuufunga mlango uliofunguliwa. Mahakama Kuu iliufungua tena 2006. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema hilo ni la Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, iliamua kwamba Tanzania inakiuka haki. Rasimu ya Katiba ya Jaji Joseph Warioba ililiweka wazo hilo. Mtikila alifariki kwa ajali mwaka 2015, na ibara ya 67 bado inadai kadi ya chama na udhamini wa chama. Wala haiishii kwenye kugombea: mbunge anayefukuzwa uanachama hupoteza na kiti, kwa hiyo aliyechaguliwa na maelfu hubaki akiwaogopa makumi.

Wanaopinga wana hoja. Wanasema mgombea binafsi ni mlango wa matajiri, kwa kuwa asiye na matawi hununua watu. Wanasema ukabila utarudi. Wanasema pia bunge litajaa watu wasioshikika, na hapo wanaitaja Malawi, ambako mwaka 2014 wabunge binafsi walizidi 50 wakawa kundi kubwa kuliko chama chochote. Hoja ya fedha naiheshimu, ila fedha haikukosekana kwenye kura za maoni za wajumbe mia kadhaa. Kununua jimbo zima ni ghali zaidi. Ukabila katika wilaya ambayo wagombea wote kwa kawaida ni Wagogo hauna pa kuingilia. Hoja ya Malawi ni nzito, na Uganda inaitia uzito mwingine: bunge la 2021 lilipata wabunge binafsi zaidi ya 70, wengi wao wakiwa walioshindwa kura za ndani za chama tawala, NRM, na wengi waliendelea kuiunga mkono NRM. Hawakumtikisa Rais Museveni. Mpinzani anayetafuta kuiondoa CCM madarakani atasema basi kuna faida gani.

Faida yake ni ya kijijini, na hata CCM ingenufaika, maana ingejua wagombea wake wanakubalika kiasi gani bila kusubiri hasira. Aliyekatwa na kikao angekuwa na mahali pa kukata rufaa, na mahali hapo ni kwa wananchi. Kikao nacho kikijua hivyo kingekata kwa uangalifu. Chukua Mtera ya 2010. Uamuzi pekee wa mwaka ule uliokuwa na mashaka ulifanywa na wenye kadi za CCM peke yao. Mwalimu wa Handali asiye na chama, mwanachama wa CUF wa Mlowa, kijana ambaye hakuwahi kujiandikisha tawi lolote, walisubiri kuambiwa. Kama hukumu ya Lugakingira ingeachwa ifanye kazi, Malecela angeweza kuliweka jina lake tena mwezi Oktoba, mbele ya wote. Huenda Lusinde angemshinda tena, na kwa kura nyingi zaidi. Ila hesabu ingekuwa ya jimbo.