Hakuna anayeuza kibanda Malindi mwezi wa Juni

Na Rukia Bwanaheri

Tangu Januari matangazo yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Malindi. Duka la chipsi na kuku linauzwa, lina wateja wake, vifaa vyote vimo, mwenyewe anahamia Nairobi. Kibanda cha viazi vya karai na mishkaki, karibu na ufuo, bei ya kuelewana. Sababu za kuuza huwa nzuri: ndoa, mzazi mgonjwa, kazi ya ng'ambo. Sina haja ya kumpinga mtu. Nashangaa tu kwamba dharura hizi zote huwapata watu mji ukiwa umejaa Wataliano, wala hakuna anayeuguliwa na mzazi mwezi wa Juni.

Kaskazi ikivuma, tangu Desemba hadi Machi, Malindi ina pesa. Pasaka ikipita, masika huingia, Mto Sabaki hushuka na udongo wake na maji ya ghuba hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hoteli kadhaa hufunga milango hadi Julai. Muuzaji atakuambia hayo hayamhusu, kwani wateja wake ni wenyeji. Mwulize wenyeji hao hufanya kazi wapi. Anayenunua viazi vya karai saa moja jioni ni mhudumu wa hoteli, dereva wa tuktuk, mtunza bustani wa nyumba ya Mzungu, kijana anayetembeza wageni. Hoteli ikifunga, huyo hutumwa nyumbani bila mshahara, akarudi Ganze au Marafa kulima. Mtalii huenda hajawahi kukanyaga kibandani kwako, lakini pesa zilizokuwa zikikulipa zilipitia mkononi mwake.

Kwa hiyo usiende kutazama foleni ya Jumamosi ya Januari. Omba taarifa ya M-Pesa ya till yake ya mwaka mzima, kisha ufungue Mei na Juni kwanza. Atasema wengi hulipa taslimu. Sawa, basi muombe stakabadhi za kodi. Tangu Julai 2023 mwenye biashara inayouza kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka anatakiwa kulipa mamlaka ya mapato, KRA, asilimia 3 ya mauzo yote, wala si ya faida. Anayejigamba kwamba anauza Sh10,000 kila siku ya Mungu anadai kuuza zaidi ya Sh3.6 milioni kwa mwaka, na kodi yake inapita Sh100,000. Kama hakuilipa, ama anakudanganya wewe au ameidanganya serikali, na hakuna kati ya hayo mawili linalostahili bei anayotaja.

Lakini karatasi si kitu kikubwa ukilinganisha na mpishi. Simama kando ya kibanda chochote chenye jina mjini humu uangalie kwa dakika kumi. Mama anachovya kiazi kwenye unga wenye manjano, anaupima uzito kwa kidole, anaongeza maji kidogo, anaonja ukwaju na kutia chumvi bila kijiko. Kijana wa bodaboda anafika, hatazami ubao wa bei, anauliza, "Mama yupo?" Akiambiwa yuko msibani, anawasha pikipiki na kuondoka. Huyo kijana ndiye "wateja wake" wa kwenye tangazo. Kuna kibanda nilichokuwa nikila mimi mwenyewe kilichouzwa pamoja na jiko, friza, meza na jina. Mpishi hakuulizwa. Mwezi haukuisha, alikuwa amepanga chumba ng'ambo ya pili ya barabara, na mnunuzi akabaki na friza. Sikumlaumu mpishi, na nilivuka barabara.

Ukitaka kununua, zungumza na mpishi kabla ya kuzungumza bei, mbele ya muuzaji. Mpe mshahara unaojulikana, hata asilimia fulani ya mauzo. Kama muuzaji mwenyewe ndiye mpishi, mwandikiane kwamba hatafungua kibanda kingine karibu kwa muda fulani.

Na mwenye nyumba? Sheria ya Kenya, Sura ya 301, inamlinda mpangaji wa duka au mkahawa asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Hawezi kufukuzwa wala kuongezewa kodi bila notisi ya miezi miwili, na ana haki ya kwenda kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara. Ni kinga nzuri, ila inamlinda mpangaji, nawe si mpangaji hadi mwenye nyumba akubali kukupokea. Isitoshe, hapa Pwani tunayajua mambo ya nyumba bila ardhi: anayekupokea kodi huenda ana kuta tu, na kiwanja ni cha mtu mwingine. Kibanda kilicho kwenye hifadhi ya barabara hakina hata hizo kuta, siku kaunti ikija na tingatinga.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalisikii hadi siku ya kugongewa mlango ni madeni. Sheria ya Uhamishaji wa Biashara, Sura ya 500, humbebesha mnunuzi madeni ya biashara yaliyoachwa na muuzaji, hata kama mmeandikiana vingine, isipokuwa mauzo yatangazwe mapema katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika gazeti la kawaida. Muuza kuku, muuza mafuta, muuza gesi, wote wanaweza kukujia wewe. Tangazo lina gharama, ndiyo, lakini hata usipolitoa, waulize wanaomdai muuzaji kabla hujalipa, na walio wengi wako sokoni hapo hapo.

Mimi ningelipa thamani ya vifaa siku ya kwanza, kwa bei ya mitumba. Pesa ya jina ningeigawa mara mbili: sehemu sasa, na iliyobaki Agosti, baada ya kibanda kupita masika na mpishi akiwa bado mekoni. Muuzaji akikataa masharti hayo, mwachie kibanda chake, urudi Mei uone kama bei ni ile ile.