Musile mtaji wa mama mkimbizi

BUNIA – Kila mara wakubwa wanapotembelea kambi za wakimbizi wa ndani hapa Ituri, neno ni moja: musingojee musaada, fungueni biashara ndogo. Ni neno zuri. Lakini anayelisema ajue kwamba mama aliyekimbia vita vya Djugu hakungoja kufundishwa. Alfajiri ameishashika njia ya soko, beseni kichwani: samaki mkavu wa Tchomia, mihogo, makala, mandazi. Biashara ameishafungua. Kinachomushinda si uvivu, wala si kukosa akili ya hesabu. Ni mikono mingi inayoingia katika beseni lake mbele mnunuzi hajafika.

Chukua mfano. Mama ana mtaji wa franga 30.000. Ananunua samaki, anauza kwa 37.000. Faida ni 7.000. Pikipiki inachukua 2.000. Kwenye bariera anatoa 1.000. Sokoni anakuja mtu wa jetoni, 500. Nyuma yake mtu wa usafi, 500. Jioni anakuja mwingine asiyesema anatoka ofisi gani, 1.000. Zimebaki 2.000. Watoto wakila kwa 3.000, mtaji umepungua kwa 1.000. Mwezi hauishi, beseni liko tupu.

Kisha watu wanasema: wanawake wa kambini wanakula mtaji! Watoto wamekula 3.000. Wanaokaa njiani na sokoni nao wamekula 3.000. Kati ya hao, nani alikuwa na haki?

Sheria imejibu. Ibara ya 174 ya Katiba ya mwaka 2006 inasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Tarehe 13 Machi 2018, amri ya sheria namba 18/004 ilitoa orodha ya kodi na malipo ya jimbo, mji, komini, sekta na chefferie. Utawala wa kijeshi ulioanza Ituri na Kivu ya Kaskazini tarehe 6 Mei 2021 ulibadilisha viongozi. Haukumupa kila mwenye kofia ruhusa ya kutoza.

Kuna watakaosema: soko lazima lifagiwe, choo kisafishwe, walinzi walipwe. Ni kweli, na wachuuzi hawakatai kulipa. Lakini kodi ya kweli haiogopi karatasi. Anayekataa kuandika kiasi, tarehe na jina la ofisi yake hakusanyi kodi. Anaiba, hata kama amevaa gile ya kazi.

Kwa hiyo wakuu wa mji na wa soko wafanye mambo matatu, ambayo hayahitaji fedha za wafadhili. Wabandike kwenye mlango wa soko bei ya kila malipo, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Waamuru kwamba bila kikaratasi chenye muhuri hakuna kulipa. Na anayeuza beseni moja chini asitozwe sawa na mwenye duka la mabati.

Wachuuzi nao wasinyamaze. Mama mmoja akidai kikaratasi, anatukanwa na beseni linapigwa teke. Mama ishirini wakidai pamoja, mtozaji anatafuta kalamu. Vikundi vya AVEC na likelemba viko tayari katika kambi nyingi. Visiwe vya kuweka akiba tu. Kila kikundi kiwe na daftari: leo fulani ametoa kiasi gani, wapi, kwa nani. Mwisho wa mwezi daftari lipelekwe kwa shirika la raia na kwa meya. Kilio kinasahaulika, hesabu iliyoandikwa inahitaji jibu.

Na kama wakuu hawataki kufanya hayo matatu, basi waache kuja kambini kuhubiri biashara. Mama hawezi kujaza beseni lenye tundu, na tundu hilo hakulitoboa yeye.